Jina Halivai Glovu

Mxyuu! Hebu tuelewane kwanza. Hapa Morogoro huwezi kumaliza kikombe cha kahawa kijiweni bila mtu kuuliza: Francis Cheka na Twaha Kiduku, nani mkali? Mmoja atakwambia Cheka yule wa 2013 asingemvusha Kiduku raundi ya nane. Mwingine anadakia kwamba Kiduku ana miguu, ana pumzi, Cheka angemtafuta kwa tochi mpaka kengele ya mwisho. Dereva wa bodaboda anazima pikipiki, na abiria aliyekuwa na haraka ya kwenda Kihonda naye anashuka kuchangia. Msamvu ni hivyo, Mafiga ni hivyo, Mji Mpya ndiyo usiseme.

Ubishi huu naupenda. Mji kasoro bahari, uliokaa miguuni pa Uluguru, umetoa mabondia wawili ambao nchi nzima imekesha kwa ajili yao. Lakini kuna kitu ndani ya ubishi wenyewe kinanifanya nisonye kila jioni. Tunabishania majina. Cheka, Kiduku, Mbabe, Mwakinyo, Matumla. Hakuna anayeuliza: siku hiyo unayoisema, huyo mtu alikuwa na umri gani, na alikuwa ameshakula makonde mangapi? Jina halivai glovu, ndugu yangu. Glovu inavaliwa na mwili, na mwili una tarehe zake.

Chukua hesabu ile inayopigwa kila siku. Kiduku kampiga Dullah Mbabe mara mbili, 2020 na 2021. Dullah Mbabe kampiga Cheka Desemba 2018. Basi, wanasema, Kiduku ni zaidi ya Cheka, kesi imefungwa. Aa wapi! Cheka amezaliwa Aprili 1982. Aliyepanda ulingoni na Mbabe alikuwa mtu wa miaka 36, aliyekuwa kwenye ngumi za kulipwa kwa miaka mingi, aliyekwenda mpaka Uingereza kuzichapa na Matthew Macklin mwaka 2008 na kupigana tena Ulaya baada ya hapo. Kila safari kama hiyo bondia anarudi na kitu kichwani ambacho hakiandikwi kwenye rekodi yake.

Na Cheka mwenyewe jina alilitoa wapi? Miongoni mwa waliompa jina ni Rashid Matumla, Snake Man, aliyezaliwa 1968. Cheka alipompiga Matumla alikuwa anampiga mtu aliyemzidi karibu miaka 14. Mwaka 2018 zamu ikamfikia yeye. Ngumi ndivyo zinavyorithishana dunia nzima, kijana anachukua jina kwa mtu aliyechoka, na hilo silipingi. Ninalolipinga ni sisi kusahau kwamba yule aliyelipoteza alikuwa amechoka, halafu tukamtaka arudi tena na tena kutuonyesha kuwa hajachoka.

Ukitaka kumpima Cheka, mpime kwa usiku wa tarehe 30 Agosti 2013, ukumbi wa Diamond Jubilee, Dar es Salaam. Mbele yake yupo Mmarekani, Phil Williams. Mkanda wa dunia wa WBF, uzito wa super-midi, kilo 76.2. Najua, WBF haimo kwenye ile mikanda minne mikubwa, na mtu anayezijua ngumi atakukumbusha hilo kabla hujamaliza sentensi. Sawa. Lakini kazi iliyofanyika ndani ya kamba usiku ule ilikuwa kazi ya kweli. Cheka alikuwa na miaka 31, umri ambao bondia wa uzito ule amekomaa akili na miguu bado inamsikiliza. Akashinda kwa pointi. Huyo ndiye Cheka wangu. Na nasema mbele ya watu: huyo na Kiduku wa 2021, wakipewa raundi kumi na mbili, Cheka anashinda kwa pointi, si kwa nokauti, maana Kiduku haogopi mtu. Anayebisha aje na hoja.

Miaka miwili na ushee baadaye, Krismasi ya 2015, Thomas Mashali akaja hapahapa kwetu, uwanja wa Jamhuri, akamshinda Cheka. Ni Mashali huyohuyo ambaye Cheka alimpiga mwaka 2013. Mpaka leo wapo wanaosema ni majaji. Mimi nasema ni miguu.

Tulia nikueleze, maana hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Uzee wa bondia hauji siku moja, na hauanzii mkononi. Unaanzia miguuni. Ile hatua moja ndogo ya pembeni, inayomtoa kwenye mstari wa konde, inachelewa kidogo tu. Halafu jicho: konde analiona, anajua linakuja, lakini kichwa kinachelewa kuondoka. Halafu kidevu: konde ambalo zamani lilimfanya acheke, sasa linamkalisha. Nguvu ya mkono ndiyo inayoondoka mwisho kabisa, baada ya vyote. Kwa hiyo ukienda gimu ukamkuta mkongwe anatandika begi, unasikia mlio wake unajaza banda zima, mabati yanaitika, unarudi kijiweni unasema mzee bado yupo. Begi limemrudishia konde lini? Begi halimuulizi miguu iko wapi.

Watu wanapenda kunitajia George Foreman. Kweli, Novemba 1994 Foreman aliuchukua ubingwa wa dunia wa uzito wa juu akiwa na miaka 45, akamlaza Michael Moorer raundi ya kumi. Lakini sema yote. Raundi tisa za kwanza Foreman alikuwa anapigwa na anaachwa nyuma kwa pointi. Kilichomwokoa ni mkono wa kulia, yaani ile nguvu niliyosema inaondoka mwisho. Na kabla ya hapo alikuwa amekaa nje ya ulingo miaka kumi, kuanzia 1977 mpaka 1987, kichwa kikipumzika. Mkongwe gani wa Bongo amepumzishwa miaka kumi? Sisi mkongwe wetu anapigwa Desemba, Machi tunamwona kwenye bango lingine.

Mimi mfano wangu ni Muhammad Ali, na anatuhusu hapa nyumbani. Februari 1980 Ali alitua Dar es Salaam. Alitumwa na Rais Jimmy Carter kuziomba nchi za Afrika zisusie Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu Nyerere akakataa kuonana naye. Wakati huo Ali alikuwa ameshastaafu ngumi, ana miaka 38. Waliomwona walimwona mtu mzima aliyenenepa kidogo, aliyemaliza kazi yake. Oktoba 2 ya mwaka uleule yuko Las Vegas mbele ya Larry Holmes, kijana aliyewahi kuwa mwenzake wa mazoezi. Alikuwa amekonda, amependeza, tumbo limekwisha, ukimtazama unasema ni yule wa Kinshasa 1974. Kumbe alikuwa anameza dawa za tezi ya shingo, ndizo zilizomkausha zikamnyonya na nguvu. Mwili ulirudi, bondia hakurudi. Raundi kumi Holmes anampiga mtu aliyempenda, mpaka Angelo Dundee kwenye kona akasema inatosha. Na bado hakikuwa kituo cha mwisho: Desemba 1981 walimpeleka Bahamas kupigwa na Trevor Berbick. Mwaka 1984 dunia ikaambiwa Ali ana ugonjwa wa Parkinson.

Ulimwengu mzima ulikuwa unampenda Ali. Hakuna aliyemchukia kati ya waliokata tiketi ya Las Vegas. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Na huna haja ya kwenda Marekani kulitazama. Kijiweni kwetu yupo mzee mmoja aliyepigana zamani, enzi za ngumi za ridhaa na baadaye za kulipwa. Muuza kahawa hamjazii kikombe. Anamwekea nusu, anasubiri anywe, kisha anamwongezea nusu nyingine, maana kikombe kikijaa mkono wa mzee unakimwaga kwenye suruali. Anafanya hivyo bila kusema neno, na anachukua bei ya kikombe kimoja. Mzee mwenyewe atakuuliza Simba wamecheza na nani jana, utamjibu, na kabla kahawa haijaisha atakuuliza tena. Hakuna anayecheka. Lakini mzee huyohuyo ukimwonyesha kijana anayejifunza kukwepa, anainuka, anakunja ngumi, anaweka mguu wa kushoto mbele pale panapotakiwa kabisa. Mwili umekumbuka kile ambacho kichwa kimekipoteza.

Sasa utaniuliza, kwa nini hawaachi? Swali hilo mimi naligeuzia kwetu. Bondia wa Bongo hana kiinua mgongo kinachomsubiri. Akiacha leo, kesho ni mtu wa kawaida mwenye watoto na kodi ya nyumba. Promota anataka jina la kuweka kwenye bango, kwa sababu jina linauza tiketi na televisheni inalitaka. Na jina linauza kwa sababu mimi na wewe tunalinunua. Kijana wa Chamwino mwenye miaka 21, hajapigwa hata pambano moja, anatangazwa kupigana raundi sita, utasikia kijiweni: "Huyo nani?" Mkongwe aliyepigwa nokauti tatu akitangazwa, watu wanapanga safari. Siku hizi kuna treni ya SGR, unatoka hapa jioni unafika Dar kabla ukumbi haujajaa. Tunapanda treni kwenda kumtazama mtu akiumia.

Karim Mandonga, Mtu Kazi, nitamsema kwa heshima. Hakuna bondia aliyewarudisha watu wa kawaida kwenye ngumi kama yeye. Songea mwaka 2022 alipigwa na Shaban Kaoneka, na badala ya jina kuzama likapaa, kwa mdomo wake na kwa namna watu walivyompenda. Januari 2023 akaenda Nairobi akampiga Daniel Wanyonyi, Kenya nzima ikamjua. Julai ya mwaka huohuo Wanyonyi akamlipa. Kina mama waliokuwa hawajawahi kutazama ngumi maishani walitazama. Hilo ni jambo kubwa na anastahili sifa. Lakini sisi mashabiki tulizoea kucheka hata pale alipoanguka, na Mandonga aliingia kwenye umaarufu akiwa si kijana. Konde likishafika kichwani halijali kama ukumbi unacheka au unalia. Ubongo ni uleule, umeelea kwenye maji, unagonga fuvu upande huu unarudi kugonga upande ule. Mtu akianguka, kitu cha kwanza kinachotakiwa ni daktari, gari la wagonjwa, na barabara ya kwenda hospitali inayojulikana kabla ya kengele ya kwanza.

Desemba 2024 bondia Hassan Mgaya alipigana Dar es Salaam, akapigwa, akafariki dunia. Hakuwa jina la kwenye mabango makubwa. Kijiweni tulimzungumza siku mbili tatu, halafu likaja pambano jingine. Nikikumbuka hilo nasonya, na safari hii nasonya kwa sababu ya sisi wenyewe.

Haya, tuje kwenye dawa. Kila bondia akiwa bado anarukaruka raundi ya kumi, lazima atokee mtu aseme: "Huyo kachoma sindano." Anasema kwa uhakika kama vile alishika bomba yeye. Mxyuu! Una ushahidi? Hana. Kampima nani? Hakuna. Kumwita mtu mwizi bila ushahidi ni dhambi, na kumwambia bondia anatumia dawa za kusisimua misuli ni kumwita mwizi. Huenda kijana wa watu anaamka saa kumi na moja alfajiri, anakimbia kutoka Kilakala kupandisha mlima kuelekea Morningside ukungu haujaondoka, na wewe usingizini. Pumzi yake kaitoa kwenye mlima.

Lakini lawama nyingine ni ya mfumo. Bondia wetu kabla ya pambano anapimwa uzito, anapimwa afya, picha zinapigwa, watu wanatunishiana misuli. Kipimo cha dawa sikisikii kikitajwa kwenye matangazo ya mapambano yetu. Na bila kipimo, aliye safi hana namna ya kuonyesha usafi wake. Anabaki kwenye midomo ya watu kama mimi na wewe.

Wenzetu Kenya wamekamatwa wengi kwenye riadha. Asbel Kiprop, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 wa mwaka 2008, alifungiwa miaka minne kwa EPO, dawa inayoongeza chembe nyekundu za damu ili mwili ubebe hewa nyingi zaidi. Ruth Chepngetich alikimbia marathoni ya Chicago Oktoba 2024 kwa saa 2:09:56, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya saa mbili na dakika kumi. Mwaka uliofuata akafungiwa miaka mitatu. Kijiweni nasikia: "Wakenya wachafu hao." Mimi nasema Wakenya wanapimwa. Wana sheria yao tangu 2016, wana taasisi yao, na Nairobi ina maabara ya damu tangu 2018. Nyumba ambayo hakuna anayewasha taa, mende hawaonekani.

Na tazama alichokutwa nacho Chepngetich: kidonge cha kukojoza maji, cha jamii wanayopewa wagonjwa wa presha. Kimepigwa marufuku michezoni kwa sababu kinaweza kusafisha njia ili dawa nyingine isionekane. Vidonge vya namna hiyo ndivyo bondia mwenye haraka ya kushusha kilo mbili usiku wa kuamkia kupima uzito anaweza kushawishika kuvimeza. Vinapatikana duka la dawa la mtaani. Mizani itakubali, lakini kesho yake anapanda ulingoni mwili umekauka, na kichwa kilichokauka hakihimili konde. Mtu mwingine atamletea unga usio na lebo, au chupa ya mizizi ya kuongeza pumzi. Sheria ya michezo haina huruma hapo: kilichokutwa mwilini mwako ni chako, hata kama kocha ndiye aliyekupa. Bangi nayo imo, ikikutwa mwilini siku ya pambano. Vijana wangapi wa gimu zetu wameelezwa haya na mtu anayeyajua?

Kuna jambo moja linalonifanya nione dawa kwenye ngumi ni mbaya kuliko kwenye riadha. Mkimbiaji akidanganya anaiba medali, anaiba pesa, na ni dhambi. Bondia akidanganya, ile dawa inaishia kwenye kichwa cha mwenzake. Aprili 2024 Ryan Garcia alimwangusha Devin Haney mara tatu mjini New York. Vipimo vikaonyesha ostarine, dawa iliyopigwa marufuku, Garcia akafungiwa mwaka mmoja, pambano likaandikwa kwamba halikuwa na mshindi. Matokeo yakafutwa kwa kalamu. Makonde aliyokula Haney nani atayafuta?

Na dawa na uzee vinatembea pamoja zaidi ya watu wanavyodhani. Mkongwe ndiye mwenye kishawishi kikubwa: majeraha hayaponi upesi, mazoezi ya asubuhi yanamlaza mpaka jioni, anamwona kijana anaruka kamba nusu saa bila kuhema. Kuna mtu atamnong'oneza kwamba kipo kitu. Na hata mkongwe asipotumia, dawa ya mwenzake inamla. Februari 2018 Canelo Alvarez alikutwa na klenbuterol, nayo marufuku, akasema ni nyama aliyokula Mexico, akafungiwa miezi sita. Pambano lake la marudiano na Gennady Golovkin likatoka Mei likaenda Septemba. Canelo ana miaka 28, miezi minne kwake ni mapumziko. Golovkin ana miaka 36. Alizaliwa Aprili 1982, mwezi na mwaka uleule na Cheka wetu. Septemba Golovkin akapoteza mikanda yake kwa pointi chache sana, na Desemba, huku kwetu, Cheka akapigwa na Mbabe. Nikiwaza hao wawili, mmoja wa Kazakhstan na mmoja wa Morogoro, naona saa moja iliyowagongea wote.

Ndiyo maana nakasirika mapambano makubwa yanapocheleweshwa. Mayweather na Pacquiao dunia iliwalilia tangu 2009. Pambano lilikwama kwa sababu ya vipimo vya damu: Mayweather alitaka vya kushtukiza, Pacquiao akakataa masharti yale, maneno yakazidi mpaka Pacquiao akamfikisha mwenzake mahakamani kwa kumchafulia jina. Pacquiao hakuwahi kukutwa na dawa. Walipokutana Mei 2, 2015, mmoja ana miaka 38, mwingine 36, na Pacquiao bega bovu. Watu walilipa pesa nyingi kutazama mabaki ya pambano la miaka mitano nyuma. Vipimo vingekubaliwa mapema, tungeona kitu tofauti kabisa.

Sisi tuna la kwetu. Kijiwe kimelilia Mwakinyo na Kiduku mpaka sauti imekauka. Hassan Mwakinyo wa Tanga, aliyekwenda Birmingham Septemba 2018 kwa taarifa ya ghafla akamsimamisha Sam Eggington raundi ya pili, na miaka minne baadaye akasimamishwa na Liam Smith kule Liverpool raundi ya nne. Mtu wa Tanga atakwambia siku ile viatu ndivyo vilivyomponza. Mtu wa Morogoro atacheka. Lakini kabla ya yote kuna uzito. Eggington alipigwa kwenye kilo 69.8. Kiduku ni wa kule juu kwa Mbabe na Cheka. Kumshusha Kiduku ni kumkausha, kumpandisha Mwakinyo ni kumpa mwili asioujua. Likifanyika, lifanyike katikati, kwa mkataba wa kilo unaoeleweka, vipimo vya dawa wiki za mazoezini na siku yenyewe: mkojo unatolewa mbele ya ofisa, unagawanywa chupa mbili, zinafungwa kwa mihuri na namba, zinakwenda maabara inayotambulika. Asiyetaka chupa mbili hataki pambano. Na kila mwaka unaopita bila kulifanya, tunaongeza miaka miwili, mmoja kila upande wa ulingo.

Mashali hakuwahi kuzeeka ulingoni. Aliuawa Dar es Salaam tarehe 31 Oktoba 2016, hata mwaka mmoja haujatimia tangu amshinde Cheka. Hao waliobaki tunaweza bado kuwatendea haki. Cheka apewe gimu ya kufundisha mjini hapa, yenye ulingo wa kweli, na vijana wa Mwembesongo na Bigwa wamjue kama mwalimu. Kiduku apewe mapambano yanayolingana naye wakati miguu bado inamsikiliza, asije akabakizwa kuwa ngazi ya kijana mwingine kupandia.

Na ninyi mapromota, bango linalofuata la Jamhuri liandikeni hivi: jina, uzito, tarehe ya kuzaliwa, na tarehe ya mwisho bondia huyo kupigwa nokauti. Chini kabisa andikeni jina la daktari atakayekaa ulingoni na muda wa vipimo vya dawa. Yule wa raundi sita kutoka Chamwino mpangeni mapema, si saa nane usiku viti vikiwa vimebaki vitupu. Sisi wa kijiwe tutakuwepo tangu pambano la kwanza, na tiketi tutalipa.